Shimo, bahari na rangi: tablo ya watu wa kasiteriti

Kilo ya kasiteriti ikitoka shimoni, sisi watu wa huku tunaijua njia yake mpaka Goma. Mbebaji anaipandisha mgongoni, inapita msitu, inafika Njingala na Mubi, inapimwa kwenye mizani, inapanda gari. Miaka ile ya ndege za Kilambo ilikuwa inarukia juu ya lami. Ikifika Goma tunaiacha, kila mtu anahesabu chake. Kumbe yenyewe inaendelea. Inavuka mpaka, inapita Uganda ao Rwanda, inashuka mpaka bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam, na pale inaingia ndani ya meli. Wengi wetu hatujaona bahari hata siku moja. Mawe yetu njo yameiona.

Safari hii tunataka kuwapeleka wasomaji mahali ambapo bahari na shimo la kasiteriti viko sehemu moja, mtu anasimama tu na kuona vyote viwili. Ni Cornwall, pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza. Na tunaenda kule juu ya kitu ambacho ukurasa huu haukizungumziaka mara mingi: tablo. Tena si zile tablo ambazo kila mtu akiangalia anasema, “huyu ni mzee fulani, ile ni nyumba ya chifu”. Ni zile ambazo ndani yake hakuna mtu wala nyumba, kuna mistari na rangi tu. Kwa Kifaransa wanasema abstrait. Sisi tutaziita tablo zisizo na sura.

Swali tunalisikia tayari: itatusaidia nini? Bei ya kilo haipandi juu ya tablo. Ni kweli, haipandi. Lakini tusomane kwanza.

Kule Cornwall watu walichimba jiwe hili letu, kasiteriti hii hii inayotoa bati, tangu zamani za mababu wa mababu. Karibu na mji mdogo unaoitwa St Just kulikuwa shimo la Levant, mlango wake juu ya jabali, na jabali linaangalia bahari. Mshipa wa mawe ulikuwa unaelekea majini. Wakaufuata. Mwishowe njia zao za chini zilipita chini ya bahari kwa zaidi ya kilometa moja na nusu. Wachimbaji walikuwa wakisikia juu ya vichwa vyao mawe makubwa yakibingirika, yakisukumwa na mawimbi. Juu, pembeni ya shimo, wamama na wasichana walivunja mawe kwa nyundo, sawa vile wamama twangeuses wanavyofanya Kamituga. Na kwenye mji wa jirani wa St Ives, watu waliishi kwa samaki: mashua, nyavu, chumvi, na kungojea upepo.

Kushuka na kupanda ndani ya Levant, watu walikuwa na mtambo wa ajabu kidogo. Fikirini mti mrefu sana, umeunganishwa kipande kwa kipande, unaning'inia ndani ya shimo kutoka juu mpaka chini. Mashine inaupandisha kidogo, inaushusha kidogo, bila kupumzika. Kwenye mti kuna vikanyagio, na kwenye ukuta wa shimo kuna vingine. Mti ukipanda, unapanda nao, ukifika mwisho, unarukia kwenye kikanyagio cha ukuta, unangojea, mti ukirudi, unaukanyaga tena. Hivyo hivyo, hatua kwa hatua, mpaka unaona jua. Kwa mtu aliyechoka, kupanda kwa mtambo ule kulikuwa afazali kuliko ngazi.

Tarehe 20 mwezi wa kumi mwaka 1919, mchana, watu walikuwa wakipanda kurudi nyumbani, zaidi ya mia moja wakiwa juu ya ule mti. Chuma kilichoushika kwa juu kikakatika. Mti ukaanguka ndani ya shimo pamoja na watu. Walikufa 31. Anayeishi huku kwetu hahitaji tumweleze zaidi usiku ule ulikuwa namna gani kwenye nyumba za St Just.

Wakati ule, St Ives kulikuwa mtoto wa mwaka mmoja na miezi, jina lake Peter Lanyon. Alizaliwa mwaka 1918. Alikuwa mzaliwa wa pale, na hili tunalisema makusudi, juu St Ives ilikuwa imeanza kujaa mafundi wa rangi waliotoka London na kwingine, waliokuja kufuata mwanga wa bahari. Yeye alikuwa mtoto wa nyumbani. Akakua, akajifunza kupaka rangi, akaenda vita ya pili ya dunia, akarudi. Na alikuwa na tabia moja: kama anataka kuchora mahali, hakai kiti akaangalia mbele. Anapazunguka kwa miguu. Anapanda jabali, anashuka pwani, anaangalia kutoka juu, kutoka chini, kutoka mgongoni. Kisha anatengeneza kitu kidogo cha vioo na vipande vipande, kama mtoto anayejenga, ili aelewe vile mahali hapo panavyosimama. Ni baada ya hapo njo anashika rangi.

Mwaka 1951 alipaka bandari ya wavuvi inayoitwa Porthleven. Ukiiangalia tablo ile haraka, unaona fujo. Ukikaa nayo, unaanza kukamata: hapa ni maji yaliyofungwa na kuta za bandari, pale ni mnara wa saa, lakini vyote vimeinamishwa na kuzungushwa, kama mtu aliyetembea mji mzima na kurudi nao wote kichwani mara moja. Mvuvi anayeingia bandarini usiku haoni “picha ya bandari”. Anaona taa hapa, anasikia ukuta pale, anajua kwa mwili wake kina kiko wapi. Hicho njo kitu Lanyon alitaka kuweka juu ya ubao.

Halafu akaja kwenye shimo. Tablo aliyoimaliza mwaka 1953 inaitwa kwa jina la mji, St Just. Ni kubwa, urefu wake unapita mita mbili, nyembamba kama mlango. Pembeni zote mbili kuna majani ya kijani, majivu, mistari ya kuta za mashamba. Katikati, kutoka juu mpaka chini, kuna mstari mweusi.

Mtu wa mjini anahitaji kuelezwa ule mstari mweusi ni nini. Mchimbaji hahitaji. Ni shimo, limekatwa wima ili uone ndani. Kisha ukiangalia vizuri, mashamba ya pande mbili yanakuwa kama mikono iliyonyooshwa, na kwa juu mistari ya waya wa miiba inakaa kama taji. Lanyon alitengeneza msalaba ambao mti wake ni shimo lenyewe. Mtu hayuko msalabani. Wale 31 hawakuchorwa, hata mmoja.

Tulijiuliza sana kwa nini. Angeweza kuchora wamama wakilia, maiti zikipandishwa, makofia ya kazi yamepangwa chini. Kuna mafundi wangefanya hivyo na watu wangelia. Lakini sura ya mtu ikichorwa, unamwangalia yule mtu na unasema, pole yake. Mstari mweusi hauna mwenyewe. Unaweza kuwa shimo la Levant, unaweza kuwa shimo la Bisie wakati watu waliishiwa hewa ndani, unaweza kuwa lile ambalo mtoto wako amelishuka leo asubuhi. Tunafikiri Lanyon alifanya vizuri. Tunafikiri pia kwamba mjane wa St Just, kama angeulizwa, pengine angependa zaidi jina la mume wake liandikwe mahali. Ni haki yake. Tablo haichukui nafasi ya majina. Lakini huku kwetu, kwa mashimo mangapi, hatuna majina yaliyoandikwa wala tablo. Kuna mti uliokatwa, kuna maji yaliyojaa, na PDG amefungua shimo lingine hatua hamsini kutoka pale.

Lanyon alikufa mwaka 1964 baada ya kuanguka na ndege isiyo na motere. Alikuwa ameanza kuruka ili aone nchi yake kutoka upande ambao alikuwa bado hajaupata, ule wa hewani.

Mzee wa makatoni

Kabla ya Lanyon, St Ives kulikuwa mzee mmoja ambaye kwa maoni yetu ni mtu wa kuangaliwa zaidi na vijana wa Mubi, juu yeye hakuwa na kitu. Alfred Wallis alizaliwa mwaka 1855. Alikuwa baharia. Baadaye akafungua duka la kununua vyuma vya zamani, kamba na matanga yaliyochakaa. Tungesema alikuwa negosian wa takataka za mashua. Mke wake akafa mwaka 1922. Mzee akabaki peke yake kwenye nyumba ndogo, na miaka michache baadaye, akiwa na umri wa karibu miaka 70, akaanza kupaka rangi ili asiwe mpweke.

Hakununua kitambaa cha kuchorea. Alichukua makatoni, vipande vya mbao, chochote, na hakuvikata viwe sawasawa: kama katoni iko na kona iliyopinda, bahari inapinda pamoja nayo. Rangi zake zilikuwa zile za kupaka mashua, ndiyo maana ni chache: nyeusi, nyeupe, majivu, kijani, kahawia. Alichora kile alichokikumbuka, si kile alichokiona dirishani. Meli yenye maana anaifanya kubwa, nyumba isiyo na maana anaifanya ndogo. Mwaka 1928 mafundi wawili wa kizungu kutoka mjini, Ben Nicholson na Christopher Wood, walikuwa wakipita kwenye kijia, wakaona kupitia mlango uliofunguliwa ukuta mzima umepigiliwa tablo kwa misumari. Walisimama. Wengi wanasema tablo zisizo na sura za St Ives zilipata mzizi mmoja pale, kwenye makatoni ya mzee asiyekuwa na shule ya rangi.

Lakini msifikiri alitajirika. Tablo zake ziliuzwa kwa bei ya kitu kidogo, na mwaka 1942 alikufia kwenye nyumba ya masikini, katika kijiji cha Madron. Leo ziko kwenye majumba makubwa ya sanaa. Tunaacha wasomaji wakasirike wenyewe.

Mama mmoja fundi wa mawe na mbao, Barbara Hepworth, alihamia upande ule mwaka 1939 vita vikikaribia. Yeye alichonga vitu vya mviringo, akatoboa ndani, akavuta nyuzi kutoka upande mmoja kwenda mwingine kama nyuzi za zeze. Nyuzi zile, alieleza, zilikuwa ile hali ya kuvutana aliyoisikia kati yake na bahari, upepo na vilima.

Binti wa Zanzibar, na simbi zetu

Sasa turudi kwenye bahari yetu, ile ya Kiswahili. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alikufa kwa malaria mtoto akiwa na miezi michache tu, na mama yake, fundi wa kuchora maua ya vitambaa, akampeleka Uingereza. Alikulia kule. Alirudi kuona kisiwa alikozaliwa katika miaka ya 1990, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 40. Kutokana na safari ile akapaka mfululizo wa tablo alioupa jina la Zanzibar: maji, mvua, machozi, mbao za madirisha, maua ya vitambaa, bila mtu ndani. Moja inasema kwa jina lake kwamba machozi ya wanawake yanaijaza bahari. Na miaka ile ile, mwaka 1999, tablo zake zilionyeshwa wapi? St Ives, kwenye jumba la sanaa linaloangalia bahari, kwenye nchi ya mashimo ya bati. Dunia ni ndogo, wamama wanasemaka hivyo sokoni.

Mwaka 2017 alipewa zawadi ya Turner, ile kubwa ya sanaa kule Uingereza. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Chombo chake kikubwa ni kanga. Wamama wa Mubi wanajua kikwembe. Kanga ni ndugu yake wa pwani, iko na pindo kuzunguka pande zote, iko na mji katikati, na chini ya mji kuna maneno: methali, fumbo, wakati mwingine matusi ya jirani yaliyofichwa vizuri. Himid aliuchukua ule mpangilio akautia kwenye kazi yake. Mwaka 2019 aliupaka juu ya vipande vya chuma: katikati chombo cha kazi ao sehemu ya mashine, na maneno yaliyo sawa na yale ya mabango ya usalama kazini. Kanga ya chuma yenye maneno ya usalama! Tulipoona hilo tuliwaza manjanja mangapi yamelala nyuma ya nyumba za Mubi, na maneno mangapi ya usalama ambayo hakuna mtu ameyaandika mbele ya shimo.

Mwaka huo huo alitengeneza kazi nyingine: mbao ndefu zilizoegemezwa ukutani, moja kando ya nyingine, mpaka zinaonekana kama ubavu wa mashua ao kama wimbi linalokuja. Juu ya mbao alichora simbi. Simbi, kwa pwani ya Afrika, zilikuwa feza. Kwa feza hiyo vilinunuliwa vitu, na watu pia walinunuliwa.

Hapa tunasimama kidogo, juu simbi tunazijua. Wazee wa Warega, wa Shabunda na Mwenga mpaka upande wetu wa Walikale, walizishona kwenye kofia za Bwami. Zilitoka baharini, zikapita mkono kwa mkono, soko kwa soko, miaka mingi kabla ya barabara ya Kisangani. Bahari ilifika msituni kabla kasiteriti haijaenda kuitafuta.

Na Bwami wenyewe walikuwa mafundi wa vitu visivyo na sura. Sanamu zao za mti na pembe ya tembo hazikuwa picha za mtu fulani. Macho ni duara na kitundu, mwili ni vitone na mistari, basi. Kila moja ilishika methali; anayepanda daraja alifundishwa kuisoma. Sakimatwematwe, ile sanamu yenye vichwa vingi, inasema juu ya mtu mwenye hekima anayeangalia pande zote. Lanyon akizunguka bandari yake kwa miguu alikuwa akitafuta kitu ambacho Sakimatwematwe alikuwa nacho zamani. Wakoloni walikataza Bwami mwaka 1948, na sanamu mingi zikaondoka. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba tablo isiyo na sura ni mambo ya wazungu, tunamjibu kwa heshima: uliza kwanza babu yako.

Mwaka ule wa bei

Kuna jambo moja la mwisho linalotuunganisha na Cornwall, na hili si la rangi. Mwezi wa kumi mwaka 1985, baraza la dunia lililokuwa likilinda bei ya bati liliishiwa feza, soko la London likafunga biashara ya bati, bei ikaanguka. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka ule kwa jina la SOMINKI, kampuni iliyozaliwa 1976 kutokana na makampuni ya zamani ya Kivu na Maniema: pigo lile ndilo lililoivunja mgongo. Kule Cornwall ilikuwa pigo lile lile. Shimo la Geevor, jirani wa Levant, likafungwa mwaka 1990. La mwisho, South Crofty, mwaka 1998. Mtu wa Kivu na mtu wa Cornwall walipoteza mshahara kwa karatasi moja iliyosainiwa mahali ambapo wote wawili hawapajui.

Cornwall iliponea wapi? Haikupona yote; wachimbaji wengi hawakupata kazi nyingine, na hakuna aliyegeuka kuwa fundi wa tablo kwa sababu shimo limefungwa. Lakini Geevor leo ni mahali pa kutembelea, watu wanalipa kuingia, na waliofanya kazi mle walikuwa kati ya wale walioongoza wageni chini. St Ives ilipata mwaka 1993 lile jumba la sanaa tulilolitaja. Wageni wanakuja kuona mstari mweusi wa shimo, makatoni ya mzee Wallis, na bahari yenyewe.

Vijana wa Mubi wanaotaka kujaribu, wasitafute kitambaa cha fundi. Gunia lililopasuka la kubebea mawe, kipande cha manjanja, ubao wa kushikilia shimo uliotolewa, vyote vinapokea rangi. Tope la huku liko na rangi zake, jekundu la barabara, jeupe la udongo wa mtoni, jeusi la msituni. Likauke, lipondwe, lichujwe kwenye kitambaa, kisha lichanganywe na kole ya mbao na maji kidogo ili lishike. Masizi ya chungu yanatoa nyeusi nzuri kuliko ya duka. Msianze na sura. Anzeni na kile ambacho mwili unakijua: kamba inavyokaza, mzigo unavyovuta bega moja, taa ya kichwa inavyokata giza na kuishia hatua tatu mbele, njia ya msitu inavyorudi ndefu kuliko ilivyoenda. Ila kasiteriti yenyewe msiisage kufanya rangi. Vumbi lake ni baya kwa mapafu, ni nzito, inashuka chini ya kopo, na mama akijua mmepaka kilo nzima ukutani, yeye pia atakuwa na maneno ya kuandika kwenye kikwembe.